Sura ya Sita: Picha Moja, Wanunuzi Wengi

“Kila anayeziona picha zangu anazisifu. Mbona hawanunui?”

Wachoraji wanaoanza huuliza swali hili kuliko mengine yote. Huliuliza kijana aliyetoka chuo cha sanaa Bagamoyo, mchora hina wa Pemba anayetamani michoro yake iishi zaidi ya wiki mbili mkononi mwa bibi harusi, na mwalimu wa Kisumu anayechora samaki na mitumbwi baada ya saa za kazi.

Mara nyingi picha haina kasoro. Mnunuzi ameipenda kweli, ila ina upana wa mita moja, inauzwa shilingi laki mbili na nusu, na mfukoni mwake ana elfu tano ambayo angeitoa kwa furaha. Kwa kuwa hakuna cha elfu tano mezani, anatoa alichonacho: sifa. Kisha anaondoka.

Sura hii inahusu cha kuweka mezani kwa ajili ya mtu huyo, yaani kadi, kialamisho cha kitabu, kalenda na zawadi nyingine ndogo zinazobeba picha uliyoichora mwenyewe. Inahusu pia namna ya kuviuza bila kuipoteza picha yenyewe.

Mnunuzi ana begi dogo

Tuanze na mgeni, kwa kuwa kwenye pwani yetu na kwenye miji ya mbugani ndiye mnunuzi mkubwa wa kazi za mikono. Ndege ndogo zinazopeleka watalii Serengeti, Hifadhi ya Nyerere (zamani sehemu ya Selous) au Zanzibar kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15 za mzigo, na begi linatakiwa liwe laini ili liingie kwenye buti la ndege. Mtu huyo anaweza kusimama nusu saa mbele ya picha yako Stone Town, akaipenda mpaka akakuuliza habari za ukoo wako, na bado asiwe na pa kuiweka. Kadi kumi ndani ya bahasha hazifiki hata robo kilo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulisahau. Anayerudi nyumbani kutoka safarini ana watu wa kuwapelekea zawadi: wafanyakazi wenzake, jirani aliyemtunzia paka, shangazi. Hahitaji kitu kimoja kikubwa. Anahitaji vitu saba vidogo vinavyoonekana vimechaguliwa kwa moyo. Ndiyo maana seti ya kadi tano huuzika kuliko kadi moja moja.

Ubao wa futi 4 kwa 8

Mfano bora wa kazi iliyopimwa kwa mfuko wa mnunuzi tunao hapa hapa nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii zitokazo Ulaya. Alichora kwa rangi ya mafuta ya madukani, ile ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya ubao mgumu wa dari. Picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, mtaa ambako wageni waliokuwa wakiishi mjini walikwenda kununua mahitaji yao.

Picha nyingi za Tingatinga ni za mraba wa sentimita 60 hivi. Pima ubao wa kawaida wa futi 4 kwa 8: ukiukata vipande vya futi 2 kwa 2 unapata vinane, bila makombo. Kipande cha namna hiyo kilibebeka kwapani pamoja na mkate na maziwa, na bei yake haikumlazimu mnunuzi kwenda kushauriana na mtu nyumbani.

Tingatinga alifariki mwaka 1972, akiwa na miaka minne tu ya kazi hiyo. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo mtindo wake umo kwenye sinia, vikombe, mikoba na kadi katika kila duka la zawadi kuanzia Arusha hadi Nungwi, na sehemu kubwa ya bidhaa hizo hailipi senti kwa mchoraji yeyote. Tutarudi kwenye suala hilo mwishoni mwa sura, kwa sababu ndilo linalowaumiza wachoraji kuliko bei ndogo.

Kwa sasa chukua somo moja tu: anza na karatasi iliyopo sokoni, ndipo ufikirie ukubwa wa kadi. Karatasi ya A3 hutoa vipande vinne vya A5. Kila kipande cha A5 kikikunjwa katikati kinakuwa kadi ya A6, milimita 105 kwa 148, na kadi hiyo inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6 inayopatikana steshenari yoyote kubwa. Anayebuni kadi ya umbo la peke yake hulipia karatasi inayotupwa, kisha huanza kutafuta bahasha ambayo haipo.

Nani hununua kadi siku hizi?

Ni lazima tuseme ukweli. Watu wetu wengi hawanunui tena kadi za kutakiana heri. Salamu za Idi na Krismasi huenda kwa WhatsApp, na hata kadi za mchango wa harusi sasa huingia kwenye simu zikiwa na namba ya kutumia pesa chini yake. Mchoraji anayetegemea kumuuzia jirani yake kadi ya siku ya kuzaliwa atasubiri sana.

Lakini jirani huyo huyo ana kalenda ukutani. Ingia sebule kumi za Tanga au Nakuru uhesabu kalenda: ya benki, ya msikiti au kanisa, ya duka la vifaa vya ujenzi. Kalenda hukaa ukutani mwaka mzima, huandikwa tarehe za kliniki na za kurejesha mikopo, na hata mwaka ukiisha picha yake nzuri hukatwa ikabandikwa. Kwa soko la nyumbani, kalenda yenye michoro sita ya maisha ya mji wenyewe ni bidhaa ya maana kuliko kadi. Nashangaa kwamba wachoraji wetu wachache sana wameliona hilo.

Wanunuzi wengine ni hawa:

- Ofisi, hoteli, shule binafsi na mashirika yanayotuma kadi au zawadi mwisho wa mwaka. Hawa huagiza kwa mamia, na huamua mapema, kati ya Septemba na Novemba. Ukiwafuata Desemba 10, umechelewa.
- Watu wetu walioko Muscat, London au Minneapolis, wanaotaka kitu cha kwao cha kumpa mwenzao wa kazini.
- Maduka ya vitabu na mikahawa, hasa kwa vialamisho na madaftari madogo.

Kuhusu Idi kuna jambo la kiutendaji. Kalenda ya Kiislamu hutangulia ile ya kawaida kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Kadi ya Idi yenye tarehe au mwaka hufa sikukuu ikipita. Isiyo na mwaka, yenye michoro ya hina au nakshi za mlango wa Lamu, unaweza kuitoa tena mwaka unaofuata na kuiuza kwa bei ile ile.

*Kwa ufupi:* mgeni hununua kwa sababu ya begi, ofisi kwa sababu ya msimu, na mtu wa nyumbani kwa sababu ya matumizi. Usichape kitu kabla hujajua unamchapia yupi kati ya hao.

Kutoka ukutani hadi kwenye karatasi

Hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia. Picha inayong'aa ukutani hutoka kwa mchapaji ikiwa imefubaa, na mchoraji humlaumu mchapaji. Mara nyingi tatizo lilianzia kwenye kamera.

Picha ndogo, isiyozidi A4, ipitishe kwenye skana. Mwambie mhudumu aiweke kwenye nukta 300 kwa inchi. Nukta hizo ni chembe ndogo za rangi zinazojenga picha. Zikiwa chache, mistari yako huonekana ina meno. Kwa kadi ya A6, picha iwe na angalau chembe 1,240 kwa 1,748. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepunguzwa, hivyo usimtumie mchapaji kazi kwa njia hiyo. Mpelekee kwenye flashi, au uitume kama faili.

Picha kubwa ipigwe kwa kamera. Itoe nje asubuhi au siku ya mawingu, iweke kivulini, zima taa ya kamera, na kamera iwe sambamba na picha ili pembe zisipinde. Kazi za rangi ya mafuta, kama za mtindo wa Tingatinga, zina mng'ao unaorudisha mwanga. Isogeze picha kidogo kidogo mpaka ile nyeupe ya mwanga itoweke kwenye kioo cha simu.

Kisha kuna rangi. Kioo cha simu huonyesha rangi kwa mwanga, karatasi huonyesha kwa wino, na kuna rangi ambazo wino hauwezi kuzitoa. Waridi kali, rangi ya chungwa inayowaka na buluu ya bahari ya Kizimkazi ndizo huzimika kwanza. Dawa yake ni nakala ya majaribio. Omba nakala moja, kwenye karatasi ile ile itakayotumika, uilinganishe na picha yako mchana nje ya duka. Mchapaji wa Kariakoo au wa River Road atakuambia hakuna haja. Lipia nakala hiyo hata kama atanung'unika.

Mambo manne ya kumweleza mchapaji:

1. Uzito wa karatasi. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba. Kadi inataka gramu 250 hadi 300, na ndani isiwe ya kung'aa, maana kalamu ya wino huteleza na kuchafua.
2. Ukingo wa kukatia. Kama picha inafika hadi pembeni, ongeza milimita 3 kila upande ili kisu kikiyumba usibaki mstari mweupe. Karatasi nayo iwe kubwa kidogo kuliko A3, ile wanayoiita SRA3, yenye milimita 320 kwa 450.
3. Mkunjo. Karatasi nzito ipigwe alama ya mkunjo kwa mashine kabla ya kukunjwa, la sivyo wino hupasuka kwenye uti wa kadi.
4. Aina ya mashine. Mashine ya kidijitali inafaa kwa makumi ya kadi. Ile inayotengenezewa sahani za chuma, yaani ofseti, hulipa unapochapa mamia mengi na kuendelea.

Usichape nyingi mwanzoni. Karatasi kumi za A3 zinakupa kadi 40, na ukiweka michoro minne utakuwa na kumi za kila mchoro. Wanunuzi watakuambia upi uchapwe tena, na mara nyingi hautakuwa ule unaoupenda wewe.

Kuhusu mchoro wenyewe nina neno moja. Twiga, Mmasai na mti wa mwavuli mbele ya jua linalozama vimejaa kila kibanda, vingine vimetengenezwa kwa maganda ya mgomba kwa ustadi mkubwa. Havina ubaya, lakini anayeuza kile kile wanachouza wengine hushindana kwa bei tu. Chora mama wa urojo wa Forodhani, daladala iliyojaa magunia, paka wa Lamu juu ya baraza, wavuvi wa dagaa na taa zao usiku Ziwa Victoria. Mgeni naye aliyaona hayo, na hakuna aliyemuuzia.

Nyuma ya kadi

Mwanzoni mwa karne ya 20 wapiga picha wa Zanzibar, wakiwemo A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliwauzia abiria wa meli kadi za posta zenye picha za mji, bandari na watu. Leo kadi hizo ziko kwenye nyaraka za makumbusho na kwa wakusanyaji wa nchi nyingi. Tunajua ni kazi za nani kwa sababu jina la studio na la mji yalichapwa kwenye kadi. Za wale ambao hawakuandika jina hubaki “kadi ya zamani ya Zanzibar”, basi.

Nyuma ya kila kadi andika jina lako, jina la mchoro, mji na mwaka uliochora, kisha sentensi moja au mbili za kueleza kinachoonekana. Ongeza njia ya kukupata isiyobadilika kila unapobadilisha laini ya simu. Maneno yawe ya Kiswahili na, kama unawauzia wageni, ya lugha yao pia. Sentensi hizo huuza. Mtu akimpa mwenzake kadi hupenda awe na la kusimulia.

Hesabu isiyomsahau mchoraji

Tuchukue mfano, na wewe uweke namba za mji wako. Tuseme kuchapa karatasi moja ya A3 ni shilingi 2,000, hivyo kila kadi ni 500. Kukata na kupiga mkunjo ni 100, bahasha 200, ukanda wa karatasi wa kufungia 100. Jumla 900.

Kati ya kadi 20, mbili zitachafuka au kukatwa vibaya. Gawa shilingi 18,000 za kadi zote 20 kwa zile 18 zilizo nzima: kila moja sasa imegharimu 1,000. Ongeza nauli ya kufuata mchapaji na duka, 100 kwa kadi. Ongeza muda wako: ukifunga kadi 20 kwa saa, na saa yako ukaipa shilingi 3,000, ni 150. Tumefika 1,250.

Wengi huishia hapo, au hata hawafiki. Huuza 1,500 na kujiona wamepata faida. Lakini bado hatujailipa picha. Uliichora kwa siku kadhaa na kwa miaka ya kujifunza, na ndiyo sababu pekee ya mtu kununua karatasi hiyo badala ya karatasi nyingine. Ipe 500 kwa kila kadi. Sasa bei yako ya jumla, yaani unayomuuzia mwenye duka, ni 1,750. Mwenye duka mara nyingi huongeza mara mbili, kwa hiyo rejareja ni 3,500.

Ukiuza mwenyewe kwenye maonesho ya Sabasaba au barazani kwako, uza 3,500 hiyo hiyo. Ukimuuzia mpita njia 2,000 wakati duka la jirani linaiuza 3,500, mwenye duka atakurudishia mzigo wako wote, na atakuwa na haki. Punguzo litoe kwa seti: kadi tano kwa 15,000.

Katika mfano huu karatasi 50 za A3 zinatoa kadi 200, na 180 zilizo nzima zinailipa picha shilingi 90,000 hata ukiziuza zote kwa jumla. Picha yenyewe bado iko ukutani kwako, au imeshauzwa, na mwakani unaweza kuichapa tena.

Mali kauli

Maduka mengi hayatanunua kadi zako taslimu. Yatakuambia uache mzigo, ukiuzika ulipwe. Mali kauli si jambo baya, na kwa anayeanza mara nyingi ndio mlango pekee. Kinachowaumiza watu ni kuiendesha kwa mdomo.

Kuwa na daftari la kurasa mbili mbili zenye karatasi ya kaboni. Andika tarehe, mchoro gani, ngapi, bei yako, na siku ya kutoa hesabu. Nyote wawili mtie saini, kila mmoja abaki na nakala. Andika wazi kuwa kadi iliyochafuliwa au kuibiwa dukani ni juu ya duka. Anzia na kadi 20, siyo 100.

Kisha nenda mwenyewe kila wiki mbili. Futa vumbi, panga upya zilizosukumwa nyuma, toa zilizopauka kwa jua. Muulize muuzaji, siyo mwenye duka tu, watu wanashika ipi na kuirudisha. Muuzaji ndiye anayejua. Duka lisilotoa hesabu mara mbili mfululizo lichukulie mzigo wako kwa upole na uupeleke kwingine. Aprili na Mei, masika yakiwa yamefukuza wageni, mpe mwenye duka nafasi. Agosti asipokulipa hana sababu.

Nunueni kwa kuwa ni nzuri

Mwaka 1957 mchoraji wa Ujerumani, Erich Stegmann, aliyepoteza matumizi ya mikono yake kwa polio na kuchora kwa mdomo, aliunda pamoja na wenzake chama cha wasanii wanaochora kwa mdomo na kwa miguu. Waliishi kwa kuuza kadi na kalenda za kazi zao, na chama hicho kimeenea nchi nyingi. Waliamua tangu mwanzo kwamba wanafanya biashara, hawaombi sadaka.

Nalitaja hili kwa sababu vibanda vingi kwetu vina kibao kinachomwambia mgeni kuwa akinunua atamsaidia msanii maskini. Kibao hicho hushusha bei ya kazi. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja, kitu cha bei ya chini kabisa, na hakumbuki jina lako.

Haki ya picha inabaki kwa nani?

Sasa turudi kwenye sinia na vikombe visivyomlipa mchoraji. Hakimiliki ni haki ya mtunzi kuamua nani anakili kazi yake. Unaipata pale unapomaliza kuchora, bila kulipia wala kujaza fomu. Nchini Tanzania na Kenya haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufariki kwako, kwa hiyo ni urithi wa watoto wako. Unaweza kuisajili kazi yako kwenye ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar au KECOBO kwa Kenya ili uwe na ushahidi siku ya mgogoro.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuuza picha hakumpi mnunuzi ruhusa ya kuinakili. Hoteli iliyonunua picha yako inaweza kuitundika mapokezi. Ikitaka kuichapa kwenye kadi za kuuza, irudi kwako mkubaliane. Andika hivyo kwenye risiti, kwa sentensi moja: “Haki ya kunakili inabaki kwa mchoraji.”

Siku itafika ofisi au kampuni itapenda kazi yako na kukuletea mkataba. Kabla ya kusaini uliza mambo matatu, na majibu yaandikwe: watachapa nakala ngapi, za kitu gani, na kwa muda gani. Kalenda 500 za mwaka mmoja zina bei yake. Kadi, vikombe na fulana kwa miaka mitano vina bei nyingine, kubwa zaidi. Kuuza yote kwa malipo ya kalenda moja ni kumtoa ng'ombe kwa bei ya lita ya maziwa.

Mkataba ukiwa umeandikwa “haki zote”, usiusaini siku hiyo. Ondoka nao, umsomee mtu anayeelewa sheria, kisha rudi na bei ya haki zote au uyafute maneno hayo kwa kalamu mbele yao.